Siku Moja ya Mgeni, Miaka Mingi ya Mwamba

Wako watu katika visiwa vyetu wanaoamini kwamba mgeni anayelipa fedha ili apelekwe kutazama matumbawe hachukui kitu arudipo. Ametazama tu, wanasema, na kutazama hakumalizi kitu. Sisi hatuafiki. Kutazama kwa mtu mmoja hakumalizi kitu, ni kweli. Lakini kutazama kwa maelfu, kila siku ya Mungu, kwa vyombo vinavyotupa nanga pale pale na miguu inayokanyaga pale pale, kunamaliza. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hili zamani: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Leo tumeona vyema tuwapeleke wasomaji wetu mbali kidogo, hadi Bahari ya Karibi, kwa wakazi wa kisiwa cha St. Croix. Wao, kama sisi, ni watu wa visiwa. Wao, kama sisi, waliwahi kutawaliwa kwa ajili ya zao la shamba, wao miwa na sisi karafuu, na babu zao walifanyishwa kazi ya utumwa katika mashamba hayo mpaka walipojikomboa kwa kusimama pamoja tarehe 3 Julai 1848. Denmark iliwauzia Marekani kisiwa hicho pamoja na jirani zake kwa dola milioni 25, na bendera ikabadilishwa mwaka 1917. Leo miwa imekwisha. Kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, kilichokuwa miongoni mwa vikubwa duniani, kilifungwa mwaka 2012 na watu zaidi ya elfu mbili wakapoteza kazi. Kilichobaki ni bahari. Basi si ajabu kwamba wenzetu hao wamejifunza kuihesabu bahari kwa makini zaidi kuliko tunavyoihesabu sisi.

Safari inayopendwa zaidi huko ni ya kwenda Buck Island, kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu, chenye ekari 176, kilichoko kiasi cha maili moja na nusu kutoka pwani ya kaskazini-mashariki ya St. Croix. Wageni hupanda asubuhi katika bandari ya Christiansted, mara nyingi katika katamarani, chombo chenye viunzi viwili vilivyounganishwa kwa sitaha pana, chenye tanga kubwa na kina kidogo cha maji chini yake. Jina lenyewe la chombo hicho limetoka kwa Watamil wa India ya Kusini, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Mtu wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa uzuri wake. Ngalawa yetu na matengo yake mawili imejengwa kwa fikira hiyo hiyo, kwamba chombo kipana juu ya maji hakipinduki ovyo, na wataalamu wengi wa vyombo vya kale huyaunganisha matengo hayo na mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki karne nyingi zilizopita.

Upepo wa huko huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo kwenda ni kubisha na kurudi ni kusukumwa. Kwanza chombo hutua upande wa magharibi wa kisiwa, penye mchanga mweupe, na hapo ndipo nanga inapotupwa. Baadaye wageni hupelekwa upande wa mashariki, mahali ambapo mwamba wa matumbawe umekizunguka kisiwa kama ukuta wa ngome. Hapo hakuna anayetupa nanga. Yapo maboya yaliyofungwa chini ya bahari kwa ustadi, na chombo hufungwa kwenye boya. Wageni hushuka majini na miwani ya kupigia mbizi na mrija wa kuvutia pumzi, wakiongozwa na baharia, wakafuata njia iliyo chini ya maji yenye vibao vilivyowekwa sakafuni mwa bahari kueleza kila wanachokiona. Wanaona pono wakiguguna mawe na kutoa mchanga, wanaona taa na kasa. Wakichoka hupanda, hula, na alasiri chombo hugeuza tanga kuelekea bandarini. Hiyo ndiyo siku nzima. Jioni mgeni yumo hotelini na ngozi iliyoungua jua na hadithi ya kuwasimulia watoto wake.

Mgeni huyo hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba kila hatua ya siku yake ilikwisha kuamuliwa kabla hajanunua tikiti. Tarehe 28 Desemba 1961 Rais Kennedy alitia sahihi tangazo la kukifanya kisiwa hicho na mwamba wake kuwa hifadhi ya taifa. Tangu hapo si kila mwenye chombo anayeweza kuchukua abiria na kwenda. Wanaoruhusiwa ni wachache, wenye mikataba na Idara ya Hifadhi za Taifa, na mikataba hiyo ina masharti. Chombo cha mtu binafsi nacho kikitaka kutia nanga upande wa mchanga, lazima kiwe na kibali. Kulala kisiwani hakuruhusiwi. Kuokota tumbawe au kome hakuruhusiwi. Hata mafuta ya kujipaka ili jua lisichome yametungiwa sheria: tangu mwaka 2020 Visiwa vya Virgin vya Marekani vimepiga marufuku yale yenye kemikali zinazodhaniwa kuyadhuru matumbawe.

Jambo jingine lililoamuliwa mapema ni roho za abiria. Katika nchi ile, chombo kinachochukua abiria wa kulipa zaidi ya sita hakiondoki bandarini mpaka kiwe kimekaguliwa na Walinzi wa Pwani na kupewa hati inayotaja idadi ya watu ambayo haipiti. Nahodha naye ana leseni yake. Hatulitaji hili kwa kusifu nchi ya watu. Tunalitaja kwa sababu visiwa vyetu vimekwisha kulia. Bado hatujaisahau Septemba 2011, ilipozama Spice Islander, wala Julai 2012, ilipozama Skagit. Meli zile zilichukua wananchi wetu, nazo boti za matembezi huchukua wageni. Lakini maji ni yale yale, na chombo kilichojazwa kupita kiasi hakiulizi abiria wake ametoka wapi.

Sasa msomaji anaweza kudhani kwamba tumekwenda Karibi kuleta hadithi ya pepo. La hasha. Ukweli wa Buck Island ni mchungu pia, na tungewadanganya wasomaji kama tungeuficha. Matumbawe makubwa yenye matawi mapana kama pembe, ambayo ndiyo yaliyokifanya kisiwa kile kiwe maarufu, yaliugua ugonjwa wa ukanda mweupe katika miaka ya 1970 na 1980, na mengi mno yakafa. Kuanzia mwaka 1983 wakafa kwa wingi, katika Karibi nzima, wale viumbe wa miiba mirefu myeusi ambao waogeleaji wa kwetu huwaogopa kuwakanyaga. Na kazi yao ilikuwa kula mwani unaoyasonga matumbawe. Mwezi Septemba 1989 kikaja kimbunga Hugo kikavunja mengine. Mwaka 2005 bahari ikapata joto, matumbawe yakageuka meupe, na maradhi yakafuatia. Miaka ya karibuni umezuka ugonjwa mwingine unaokula nyama ya matumbawe magumu, na joto la mwaka 2023 likaongeza msiba. Yote hayo yametokea ndani ya hifadhi, yenye maboya yake, vibao vyake na askari wake.

Je, basi ulinzi hauna faida? Wapo watakaosema hivyo, na hasa wale ambao ulinzi unawapunguzia pato la leo. Sisi tunaona kinyume. Joto la bahari haliombi kibali kwa mtu, wala kimbunga hakisomi kibao. Visiwa vidogo, vya kwao na vya kwetu, havikulileta joto hilo na haviwezi kulizuia peke yake. Lakini nanga tunaweza kuizuia. Mguu tunaweza kuuzuia. Wingi wa vyombo tunaweza kuupunguza. Mgonjwa aliyeshikwa na homa asiyoweza kujikinga nayo hapigwi fimbo juu yake. Hupunguziwa kazi na kupewa nafasi apone. Mwamba uliopigwa na joto ambao hausumbuliwi huweza kuotesha matumbawe mapya. Mwamba uliopigwa na joto kisha ukakanyagwa kila asubuhi umehukumiwa mara mbili. Na huko Buck Island, ng'amba, ambao walikuwa wakiangamizwa kwa ajili ya magamba yao, bado hupanda kila mwaka kutaga mayai, na wataalamu wamekuwa wakiwahesabu tangu miaka ya 1980. Hilo si jambo dogo.

Lipo fundisho la pili, nalo linawahusu zaidi viongozi. Tangazo la mwaka 1961 lilikuwa limewaachia wavuvi nafasi ya kuvua kwa namna fulani katika sehemu ya hifadhi. Tarehe 17 Januari 2001, siku tatu tu kabla ya kuondoka madarakani, Rais Clinton alitangaza kuongezwa kwa zaidi ya ekari 18,000 za bahari katika hifadhi hiyo, na uvuvi ukapigwa marufuku kote. Wavuvi wa St. Croix walilalamika, na viongozi wao pia. Twaelewa kwa nini. Wakazi wa visiwa vile ni raia wa Marekani, lakini wakiwa wanakaa visiwani mwao hawapigi kura ya kumchagua Rais. Yaani bahari ya babu zao ilifungwa kwa kalamu ya mtu ambaye hawakuwa na kura ya kumweka wala kumwondoa. Huenda uamuzi ulikuwa na manufaa kwa samaki. Lakini uamuzi mzuri ukitolewa bila kuwashirikisha wenye bahari huzaa chuki, na mvuvi mwenye chuki usiku hana hofu ya kibao.

Wapo wengine katika Karibi hiyo hiyo waliopita njia nyingine. Kisiwa cha Bonaire, chini ya Uholanzi, kilipiga marufuku uvuvi wa bunduki ya mshale mapema, mwaka 1971, na mwaka 1979 kikaanzisha hifadhi ya bahari inayozunguka kisiwa kizima. Hawakuifungia bahari mbali na watu. Waliweka maboya ili nanga zisiguse matumbawe, wakatunga kanuni, na watu wakaendelea kuishi na bahari yao. Mwaka 1992 wakaanza kumtoza kila mpiga mbizi ada ya dola 10, ada ambayo kazi yake iliyotajwa ni moja: kuitunza hifadhi. Mgeni alilipa akijua fedha inakwenda wapi, na mwenyeji aliona boya na askari wa doria waliotokana na fedha hiyo. Mwaka 1999 kisiwa kidogo cha Klein Bonaire, ambacho vyombo vya matembezi hupeleka waogeleaji, na ambacho kilikuwa mikononi mwa watu binafsi, kilinunuliwa na kurudishwa kuwa mali ya umma. Nchi hiyo haina utajiri wa kutisha. Ilikuwa na nia, na ilikuwa na hesabu zilizonyooka.

Mwenzio akinyolewa, nawe tia maji. Turudi nyumbani.

Hatuwezi kusema kwamba sisi hatujafanya kitu. Mwamba wa Chumbe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na waliowekwa kuulinda ni wavuvi waliofundishwa kazi mpya, watu wanaozungumza na wavuvi wenzao kama ndugu, wala si kama askari na mhalifu. Wageni wanaopokelewa kwa siku ni wachache, na watoto wa shule zetu hupelekwa kuona kwa macho yao yaliyomo baharini mwao. Ghuba ya Menai ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na Mnemba mwaka 2002. Mwaka 2020 ikaundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, nayo imebeba matumaini makubwa ya wananchi. Sheria tunazo. Wizara tunayo. Majina tunayo.

Lakini aendaye Mnemba asubuhi moja ya msimu wa wageni atajionea. Boti hufuatana kama siafu. Miwani imevaliwa na watu ambao wengine hawajui kuogelea, na anayeishiwa pumzi hutafuta pa kusimama, na pa kusimama ni juu ya tumbawe. Nahodha huona. Wakati mwingine husema, wakati mwingine hunyamaza kwa kuogopa kukosa bakhshishi. Pomboo wakitokea, boti zote hugeuka kwa mkupuo na kuwazingira, kana kwamba mnyama aliyetoka kuvuta pumzi ameitwa mahakamani. Huo si utalii. Huo ni uvuvi wa aina nyingine, na samaki wanaovuliwa ni vijukuu vyetu.

Hatumlaumu nahodha peke yake. Mtu aliyenunua injini kwa mkopo na mwenye watoto wa kulisha hawezi kuambiwa abaki ufukweni kwa ajili ya uzuri wa matumbawe, ilhali jirani yake anakwenda. Ndiyo maana tunasema kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Linahitaji mkono wa serikali, na mkono huo uwe ule ule kwa boti ya mwanakijiji na kwa katamarani ya mwenye hoteli.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wanaohusika, nayo si ndefu.

Kwanza, kila mahali ambapo boti za wageni hukusanyika pawekwe maboya ya kufungia vyombo, na kutupa nanga juu ya matumbawe kuwe kosa lenye adhabu inayotekelezwa. Boya na kamba yake si gharama ya kuifilisi serikali.

Pili, iwekwe idadi ya vyombo na ya watu kwa siku, na zamu zigawanywe kwa haki. Mwenye boti mmoja wa kijijini apate zamu yake sawasawa na mwenye boti kumi. Zamu ikipangwa, nahodha hatalazimika kukimbizana na mwenzake, na mgeni ataona samaki badala ya kuona visigino vya mgeni mwingine.

Tatu, hakuna chombo kichukuliacho wageni kitoke bila ukaguzi, bila majaketi ya kuokolea yanayotosha, na bila idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni kwa rangi isomekayo na kila mtu.

Nne, ada anazotozwa mgeni zitangazwe hadharani, na mapato yasomwe katika mikutano ya vijiji vinavyopakana na hifadhi: zimeingia kiasi gani, zimekwenda wapi, na kijiji kimepata nini. Mwananchi akiiona fedha hiyo katika kisima, zahanati au darasa, atakuwa mlinzi wa mwamba bila mshahara. Asipoiona, hata askari mia hawatatosha.

Tano, na hili tunalisisitiza, hakuna ukanda wa bahari ufungwe kabla ya wavuvi wanaoutegemea kuitwa, kukaa na kusikilizwa. Kusikilizwa si kusomewa uamuzi uliokwisha kupigwa muhuri. Malalamiko ya St. Croix yawe onyo kwetu.

Kwa upande wa wananchi nasi tuna la kusema. Haiwezekani tumkemee mgeni kwa kukanyaga tumbawe huku sisi wenyewe tukiyavunja kwa makokoro na kwa nyavu za macho madogo zinazozoa hata mayai. Wala haiwezekani tulalamike kwamba kazi za baharini zimechukuliwa na watu wa nje, huku vijana wetu wakidharau kujifunza uokoaji, lugha, na elimu ya viumbe wa maji. Baharia anayemwongoza mgeni kwenye njia ya chini ya maji ya Buck Island anajua jina la kila anachokipita. Kijana wa Matemwe au wa Kizimkazi, aliyezaliwa na bahari mlangoni, anajua majina zaidi ya hayo kutoka kwa baba yake. Kinachokosekana ni kumpa cheti, nafasi na heshima.

Watu wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo hayasemi mgeni njoo, mwenyeji auze. Kupona ni kwamba mgeni akiondoka, nyumba ibaki na neema kuliko alivyoikuta. Mwamba wa matumbawe hujengwa na viumbe wadogo kwa mamia na maelfu ya miaka, na ndio unaovunja mawimbi yasile mashamba yetu, ndio unaofuga samaki wa kitoweo chetu, na ndio unaomvuta mgeni kutoka mbali aje na fedha zake. Ukifa, mgeni atatafuta kisiwa kingine, kwa kuwa dunia ina visiwa vingi. Sisi hatuna kingine.

Wenye mamlaka wanajua la kufanya. Msimu wa wageni hauko mbali, na maboya huwekwa kabla ya boti kufika.